Sifuri ya Hospitali ya Wilaya

Jumapili chumba cha habari hakina mtu, ndiyo maana naipenda kazi ya Jumapili. Uongo huo nawaambia wenzangu. Ukweli ni kwamba nilizoea kushinda kwa dada yangu, na dada hayupo tena.

Nimefungua jedwali la wizara, lile wanaloliweka wazi mtandaoni: vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Hospitali ya wilaya, mwaka huu: sifuri. Dada alifia pale mwezi wa tatu, kaburini nilimteremsha mwenyewe. Sifuri gani hiyo?

Na mwaka jana niliisifia. Ukurasa wa mbele kabisa: hospitali isiyopoteza mama. Sikupiga simu hata moja. Takwimu za serikali, nani abishe? Haraka haraka haina baraka, niliambiwa tangu utotoni, nikajifanya kiziwi. Dada akaisoma, akamwambia mumewe, "Kaka yangu haandiki uongo. Nitajifungulia hapo."

Leo nimepiga. Karani wa kumbukumbu wa hospitali akacheka kidogo.

"Mwandishi, sisi hatujatuma ripoti mwaka wa tatu huu. Kisanduku kikibaki kitupu, mfumo wao unajaza sifuri. Hukujua?"

"Sikuuliza."

"Daftari ninalo hapa. Mwaka huu ni tisa." Akanisomea tarehe moja moja. Ya nne ilikuwa ya dada.

Mhariri wetu hachapishi kitu chenye shahidi mmoja. Wa pili ninamjua: shemeji yangu, ambaye hajapokea simu yangu tangu maziko. Nilipiga mara mbili, kimya. Ya tatu akapokea. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia.

"Shemeji, nasahihisha ile makala. Samahani, lazima nikuulize. Mkeo alifia hospitali ile?"

Akambembeleza mtoto kwanza.

"Kumbe unajua kupiga simu na kuuliza," akasema. "Alifia pale. Andika." Akakata.

Nikaandika tisa. Fomu ya masahihisho ina mstari wa kutaja aliyekosea, na mhariri, niliyemtumia habari nyumbani kwake, alinirudishia akiwa ameshaujaza: wizara. Nikaiacha hapo, nayo ina kosa lake. Mbele yake nikaandika jina langu, kisha nikakaa, maana sikuwa na pa kwenda.