Matuta kwa Wenye Hasira

Mtaani kwetu kila mtu alitaka matuta barabarani, mbele ya geti la shule. Kila mtu, isipokuwa muuza samani tuliyemwita Radi. Alidai matuta yangemvunjia makabati yakiwa njiani kwenda kwa wateja.

Diwani akaitisha mkutano. Mikono ya kukubali ikasimama kama msitu. Aliyepinga alikuwa Radi peke yake, lakini alipinga kwa mapafu yote, akipiga meza hadi maji ya diwani yakamwagika. Sisi tukapiga makofi, tukaenda zetu kupika.

Radi hakwenda kupika. Kesho yake alimkuta diwani akipiga mswaki. Akamfuata kwa kinyozi, akamfuata msibani. "Weka tuta hata moja, uone kama ukoo wangu utakupa kura!"

Miezi ikapita, barabara imelala laini kama kioo. Mwalimu mkuu, mama mpole asiyejua kupaza sauti, akaenda ofisini kuuliza.

"Dada yangu," diwani akamwambia, "mikono niliiona. Lakini ninyi mnataka matuta kama mtu anayetaka chai: ikiwepo sawa, isipokuwepo sawa. Huyu bwana anapinga kama aliyekanyagwa kidonda."

Maneno hayo yakamfikia shangazi yangu, fundi cherehani. Akafunga kibwebwe. "Kumbe tuliomba kwa adabu? Ndiyo maana!" Akakusanya wanawake wenzake, wakahamia barazani kwa diwani na masufuria, wakayapiga mpaka mke wa diwani akarudi kwao.

Haikupita wiki, matuta yakaja. Shangazi alipata lake mlangoni. Muuza mkaa naye lake. Kila aliyepiga sufuria alipata tuta, barabara ikawa kama mgongo wa mamba. Na Radi, ili asinune, akaachiwa kipande laini mbele ya duka lake.

Duka lake linatazamana na geti la shule.

Magari yaliyochoka kurukaruka yakifika pale hukanyaga mafuta kwa furaha. Mwalimu mkuu husimama katikati, mkono juu, akivusha watoto. Asubuhi moja gari alilosimamisha lilikuwa la diwani.

"Mheshimiwa, na hapa je?"

"Mwalimu, hoja unayo," diwani akajibu, akipandisha kioo taratibu. "Hasira ndiyo huna."

Uchaguzi ulipofika, diwani alishinda tena. Mwalimu naye alimpa kura. Afanyeje? Mpinzani alikuwa Radi.