Sentensi ya Duara Namba Tisa

Mama Dorika, jirani yangu hapa Nyahanga, anasema marehemu mumewe aliongea kwenye mkutano wa kampeni. Si ndotoni, anasema. Ni saa nane mchana, jua linawaka, kule machimboni upande wa Bukombe alikokwenda kuuza maandazi. Mgombea alinyamaza anywe maji. Hapo spika zote nne zikatoa sauti ya Jilala, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: "Wa duara namba tisa tutolewe." Hakuna aliyegeuka. Mgombea akafunika chupa yake, akaendelea na habari za barabara.

Jilala alifukiwa mwaka tisini na tisa kwenye hilo duara, shimo la wachimbaji, yeye na wenzake watatu. Hawajatolewa mpaka leo. Watu humsikiliza Mama Dorika, humpa pole, wakifika kona wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu siku hizo kazi yangu ilikuwa kusikiliza mikutano.

Dada Agatha, mtafiti wa chuo, alitaka kupima vyama vimehama kiasi gani kwenye suala la wachimbaji wadogo, tangu uchaguzi wa elfu mbili mpaka huu wa juzi. Marwa, mkodisha spika, alikuwa na rekodi za mikutano yote. Alirekodi asije akaambiwa vyombo vyake vilikata. Mimi nasikiliza, kila sentensi inayogusa machimbo naiandika na kuipa namba. Moja ni kuwaachia wachimbaji eneo lao na watu wao. Saba ni kumpa mwekezaji vyote. Anayesikika kwenye maiki ndiye chama. Makelele ya watu hayahesabiwi. Paschal wa Isaka alisikiliza rekodi zilezile kivyake, na tulikatazwa kuonyeshana karatasi.

"Sitaki msomi," Agatha aliniambia siku ya kwanza. "Msomi anasikia anachotaka. Nataka mtu asiye na haraka."

Nikamwambia niliishia la saba. Akasema inatosha.

Chama A, mwaka elfu mbili, kilisema duara namba tisa litafukuliwa, ndugu wapewe miili yao. Nikaandika moja. Elfu mbili na tano, kitaangalia uwezekano. Tatu. Kufika elfu mbili na ishirini duara halikuwa na jina tena, ni eneo la uwekezaji. Sita. Hakuna siku kilipotangaza kuwa kinahama. Kilisogea tu, kama kitanda kwenye sakafu iliyoinama.

Ile sauti niliikuta kwenye rekodi ya kwanza kabisa, mbali, nyuma ya vigelegele. Wa duara namba tisa tutolewe. Nikajua ni mtu tu kwenye umati. Miaka mitano mbele mgombea ni mwingine, uwanja ni mwingine, sauti ni ileile, ila imetoka katikati ya watu. Elfu mbili na kumi ilikuwa mbele ya jukwaa. Nilivua hedifoni nikaenda kuota jua uani.

Kwenye rekodi ya mwisho, ya mkutano ule wa Mama Dorika, ilikuwa ndani ya maiki. Nilisikia hata pumzi ikigonga chuma.

Nilimweleza Mama Dorika. Hakulia. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mwandike, mwanangu. Mwezi ujao mwekezaji anaanza kumwaga kifusi pale, wakishamwaga ndiyo basi. Lakini wakubwa wakiliona neno hilo kwenye hesabu ya chama chao wenyewe, watafukua kwanza."

Nikaandika. Anayesikika kwenye maiki ndiye chama. Nikaipa moja.

Siku ya kulinganisha, Agatha aliziweka karatasi zetu mezani, akazitazama, akatutazama.

"Nyie mmepanga?"

"Tumepanga wapi, dada?" Paschal akasema. "Huyu Mbuke hata namba ya simu kaninyima. Anaringa."

"Nikupe namba ya nini?" nikamwambia. "Kwani nina mzigo wa kubebwa, wewe kuli wa Isaka?"

Tulicheka wawili. Agatha alikuwa anaonyesha kwa kidole. Rekodi ya mwisho, dakika ya arobaini na moja, sentensi moja, na namba moja, kwangu na kwa Paschal. Kwenye kompyuta mstari wa Chama A ulipanda miaka yote, halafu mwaka huu ukaanguka kama jiwe.

"Mmekirudisha chama kilikotoka," akasema. "Na mgombea hakusema hivi. Nilikuwepo mkutanoni."

Akampigia Marwa, akaweka simu mezani sote tusikie.

"Shikamoo mzee Marwa. Siku ile maiki zilikuwa ngapi?"

"Marahaba. Moja tu."

"Nani mwingine aliishika?"

"Hakuna." Marwa akashusha sauti, "Mmemsikia, siyo? Msimfute, mama. Mimi nimemfuta tangu enzi za kaseti. Nikimfuta kwenye mkutano huu, ujao anakuja karibu zaidi. Na nilipomfuta hapabaki pengo. Anarudi palepale."

Paschal alivuta kiti chake nyuma, mbali na ile simu. Agatha akakata.

"Alhamisi nasoma hii ripoti mbele ya viongozi wa vyama vyote," akasema. "Nikiulizwa sentensi hii ni ya nani, niseme nini?"

"Sema ilisikika kwenye maiki yao," nikajibu. "Sheria ni yako, dada."

Akaivuta kompyuta karibu. Ile sentensi akaitia rangi ya bluu yote, mwanzo hadi mwisho, kidole kikabaki juu ya kitufe cha kufuta.

"Nakuomba uiache. Wakimwaga kifusi kabla hawajatolewa, Mama Dorika hatakuwa na mwili wa kuzika. Mpaka Alhamisi tu iwepo. Wakubwa waione."

Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, kidole hakijatoka kwenye kitufe.

"Dada Agatha," nikasema tena. "Utaiacha?"