Sikio la Kulia la Kisaburo

Gari lililombeba Fumie lilikuwa limeshaanza kutoka uani, na watu wote walikuwa wamekutanisha viganja na kuinamisha vichwa, isipokuwa mumewe. Kisaburo alisimama wima mlangoni akisubiri honi. Kijijini kwao mume hamsindikizi mkewe kwenye tanuri la kuchomea maiti. Anabaki nyumbani, na kwaheri yake ni honi ile moja ndefu ya gari la maiti. Ikilia, anainama.

Kumbe ilikuwa imeshalia, tena mpaka mbwa wa ng'ambo ya mashamba wakabweka. Alitambua alipoona migongo ya watu inanyooka. Ndipo naye akainama, peke yake, na gari limeshapinda kona ya shamba la mpunga.

"Mzee Kisaburo, huna hata kichwa cha kumwinamia mkeo?" alisema jirani yake, bibi Tane.

"Ee, asante kwa kuja," alijibu Kisaburo.

Bibi Tane akamkodolea macho, akaenda zake.

Sikio la kushoto la Kisaburo lilikufa zamani, akiwa mtoto. Siku hiyo alikuwa amekaa barazani anachokoa sikio, kaka yake akapita mbio akifukuza kuku, akampiga kikumbo. Kijiti kikaingia hadi ndani. Tangu hapo katika nyumba ile ilikuwa marufuku mtu kukimbia ikiwa mwenzake ameshika kijiti. Likabaki la kulia, na hilo alipooa alimkabidhi Fumie.

Fumie alikuwa na kijiti chake cha mwanzi, upande mmoja kijiko chembamba, upande wa pili kishungi cha manyoya meupe. Siku ya jua, kabla ya kuoga, aliketi barazani akapiga paja lake, na Kisaburo akalaza kichwa hapo kama mtoto. Nta ya masikio ya watu wa kwao ni kavu, inamomonyoka kama pumba za mpunga. Fumie alikwangua mdomoni tu mwa sikio.

"Ingia kidogo basi, panawasha," Kisaburo alikuwa akibembeleza.

"Ninachokiona nakitoa. Nisichokiona si changu," Fumie alimjibu kila mara, kisha akageuza kijiti, akapangusa kwa manyoya, akapuliza pumzi moja. Wakazeeka hivyo.

Fumie alipougua hakuweza tena kukaa. Mwanamume gani atamwomba mgonjwa paja? Sikio likawasha, Kisaburo akakichukua kijiti, akaingia nacho kwenye pipa la kuogea, lenye maji ya moto. Alichokoa humo humo, sikio likiwa limelowa, macho kafumba, mkono unafuata utamu ndani zaidi. Jioni nyingi alifanya hivyo. Mwisho ikawa kama mtu amefunga mlango. Hakumwambia yeyote. Alijiambia ni uzee, halafu akajiambia ni haki yake, mwenye sikio anaondoka na sikio lake. Siku ile ya mwisho Fumie alifumbua macho, akamtazama, midomo ikatikisika kwa muda. Kisaburo akaitikia, "Ee, ee." Hakusikia hata neno.

Baada ya maiti kuchomwa, chungu cha mifupa kiliwekwa mbele ya madhabahu ya nyumbani, kikisubiri siku ya arobaini na tisa kizikwe. Asubuhi na jioni Kisaburo alichoma ubani, akaigonga ile kengele ndogo ya shaba iliyo kama bakuli, inayogongwa ili marehemu ajue ameitwa. Hakuisikia. Akagonga kwa nguvu zaidi.

"Baba, unataka kuipasua?" mwanawe Norihiko alimpigia kelele.

"Mama yako hasikii."

Norihiko alimtazama mkewe Mitsuyo, na macho yao yakasema jambo moja: mzee ameanza kupotea.

Likaja la reli. Kisaburo alikuwa anarudi na maua ya madhabahu, kengele ya kivuko cha reli ikalia, yeye akawa anavuka tu. Bibi Tane alimdaka ukosi akamvuta mpaka wakaanguka wote wawili kwenye majani, na treni ikapita.

Norihiko hakungoja zaidi. Alisema kwa sauti kubwa, na palipobidi kwa vidole: siku ya arobaini na tisa ikipita, nyumba inafungwa, baba anakwenda kwenye nyumba ya wazee, Osaka. Kisha akarudi kazini, akamwacha Mitsuyo amwangalie mzee na kupanga vyombo.

Usiseme Kisaburo aliogopa kufa. Aliogopa kufia kwenye chumba ambacho Fumie hakijui, hata akiitwa asijue aje wapi.

Mitsuyo alikuwa mwanamke wa mjini, wa sauti ndogo. Miaka yote yeye na mkwewe walikuwa hawana la kuambiana. Mchana mmoja alimpakulia supu ya maharage, akaketi upande wake wa kulia.

"Baba, supu nimeitia paka."

"Ee, tamu."

"Ni yule paka wa bibi Tane."

"Ee. Mwambie asante."

Mitsuyo aliweka upawa chini. Akasogea mpaka mdomo ukagusa sikio, akapaza sauti kuliko alivyowahi kupaza katika nyumba ile. "Baba! Hujapotea akili! Husikii!"

Kisaburo akaenda kukileta kijiti, akakiweka mezani, akamweleza yote, na habari za pipa.

"Linauma? Linatoa usaha?" Mitsuyo aliuliza kwa sauti ile ile, mdomo sikioni.

"Hapana. Limejaa tu, kama nimeshindiliwa pamba."

"Na la kushoto?"

"Hilo lilitobolewa."

"Basi hilo silitii hata tone. La kulia je, limewahi kutoboka?"

"Hili lilikuwa la Fumie," alisema Kisaburo, na Mitsuyo akaona jibu linatosha.

Alitoka na kichupa cha mafuta ya kupaka watoto, akakishika kiganjani mpaka mafuta yakapata joto la mwili. Akaketi barazani, bila kufikiri akapiga paja lake.

Mzee akarudi nyuma hatua. "Watu watasemaje?"

"Watasema mengi, na wewe utayasikia!" Mitsuyo alipaza sauti.

Hata hivyo hakukubali. Paja lilikuwa la mtu mmoja. Akaleta mto wake wa makapi, akalala juu yake kwa ubavu wa kushoto, na Mitsuyo akapiga magoti kando. Akalivuta sikio juu na nyuma, akadondosha matone machache.

"Bila kijiti, nta utaitoa kwa kitu gani?"

"Siitoi. Itatoka yenyewe. Lala hivyo hivyo, usigeuke."

Kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi. Hata ule mvumo mdogo uliokuwa umebaki ulikufa. Kisaburo alitoka chumbani amekunja uso.

"Umeniziba! Nilikuwa na tundu la sindano, umeliziba!"

Mitsuyo aliandika kwa kidole hewani, akaonyesha ngumi ikifunguka polepole: nta imevimba, inalegea. Akaonyesha barabara ya mjini: isiposhuka wiki hii, twende kwa daktari wa masikio. Kisaburo alitazama kijiti kilichosimama kwenye glasi dirishani. Mkono ulimwasha kuliko sikio. Akaenda kulala juu ya mto.

Akadondoshewa tena, na tena. Usiku alilalia sikio lile juu ya taulo. Asubuhi moja aliamka, hakutazama taulo, ambalo lilikuwa na kitu cha kahawia kama haragwe lililoloweshwa. Alikwenda madhabahuni, akawasha ubani, akainua mkono kama alivyozoea, akaigonga kengele kwa nguvu zote.

Sauti ilimpiga kifuani. Alikaa chini kwa makalio, majivu ya ubani yakammwagikia magotini.

"Kisaburo!" bibi Tane alipiga kelele toka ng'ambo. "Tumeshaamka wote, hata wafu!"

"Nimekusikia!" akajibu. "Acha makelele, mama!"

Kisha kukawa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa na vitu ndani yake: birika jikoni, vyura, nyayo za Mitsuyo kwenye mikeka. Kisaburo akaigonga kengele mara ya pili, polepole, kama mtu anayebisha hodi. Ilipolia akainama, na hakuinuka mpaka ilipoisha kabisa.

Mitsuyo alikuwa mlangoni.

"Siku ile ya mwisho," Kisaburo alimwuliza bila kugeuka, "mama yenu alisema nini?"

"Nilikuwa jikoni, Baba. Niliona midomo tu."

"Mimi pia," akasema Kisaburo.

Siku ya arobaini na tisa mifupa ilizikwa, na kijiti kikazikwa pamoja na chungu. Norihiko alikuja na makasha ya kuhamia, akayarudisha matupu. Kila msimu wa joto Mitsuyo alikuja na kichupa cha mafuta. Sikio la kushoto halikupona. Bibi Tane alitangulia kufa, na honi yake Kisaburo aliisikia. Yeye mwenyewe alifia katika nyumba ile, majira ya theluji, karibu na jiko. Nyumba iliuzwa. Kengele, yenye kibonyeo kimoja ubavuni, iko kwa Mitsuyo, Osaka.