Isizidi Machozi

Tangu jua lipande Chausiku hakukaa. Alitoka, akaingia, akashika ufagio na kuufagia uwanja alioufagia alfajiri. Ndani, mumewe Yunusi alilala juu ya kitanda cha kamba akigumia, misuli ya miguu ikimkaza na kufanya mafundo.

Rehani ndiye aliyemleta mgongoni asubuhi hiyo kutoka Kingolwira, kwenye tuta la reli ya Mdachi, walikokuwa wakichimba na kubeba udongo juani. Rehani alikuwa Mzigua, mtani wao, na mtani hanyamazi hata mbele ya mgonjwa.

"Shikamoo mama Mwaisha. Pokea gogo lako," alimwambia mama yake Yunusi. "Limekunywa mto Ngerengere mzima, na kila likinywa linatapika. Likiwashinda niambieni mapema, nije kula wali wa msiba."

"Marahaba. Utaliwa wako kwanza," alijibu Mwaisha, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. Rehani akarudi kazini.

Chausiku akampa mumewe maji. Akayatapika. Akampa tena. Macho yamedidimia, midomo imepasuka, na jina la mkewe analitafuta halipati.

Kisa chote kilikuwa chumvi, ila bado hakuna aliyeitambua. Siku kumi na moja nyuma, mganga alimpa Yunusi dawa ya kifua pamoja na mwiko wake: asile chumvi mpaka mwezi uandame. Bado siku nne. Mwiko ukivunjwa, dawa hugeuka ikamla mwenyewe. Basi chungu chake kilipikwa peke yake, mboga chapwa, ugali na maji. Na hayo yalifanyika katika nyumba ya Mwaisha, mpika chumvi! Yeye ndiye aliyechoma matete, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akamwagia maji, kisha akachemsha yaliyodondoka mpaka zikabaki chembe za kijivu. Kijiji kizima kilikula chumvi yake isipokuwa mwanawe.

Kwa kutojua la kufanya, Chausiku akachukua shuka aliyojitanda mumewe kazini aende kuifua. Ilikuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa, na mabegani ina michirizi myeupe. Akaigusa kwa ulimi. Akasimama. Kisha akakimbia nayo jikoni.

"Mama, onja."

"Nionje jasho? Mwanangu, umerukwa na akili?"

"Onja, mama, nakuomba."

Mwaisha akaonja upindo kidogo, akafumba jicho moja kama anavyoonja matone ya chungu chake.

"Imekolea," akasema. Ndipo akashtuka.

"Siku kumi na moja haingii hata chembe, na kila siku inatoka hii," alisema Chausiku. "Sisi tunammiminia maji matupu. Kimebaki nini ndani?"

Mwaisha aliikunja shuka, akaikunjua, akaikunja. "Mganga alisema asile," akasema polepole. "Hakusema asirudishiwe iliyo yake."

"Na dawa ikigeuka?"

Mama mkwe aliinuka. Akateremsha kibuyu cha chumvi kutoka darini, akakishika bila kukifungua.

"Lete, nitatia mimi," alisema Chausiku. "Likija baya, linikute mimi."

Wakakoroga uji mwepesi wa mtama na maji ya muwa.

"Chumvi kidogo tu," alionya Mwaisha. "Isizidi machozi."

Kipimo hakikuwa mbali. Chausiku akafuta chozi shavuni kwa kidole, akalionja, akaonja uji.

Kijiko cha kwanza kilirudi. Akangoja, akatoka mpaka mlangoni, akarudi, akatia kingine. Kidogo kidogo, asimharakishe. Jua likapinda. Mafundo ya miguu yakalegea moja baada ya jingine, na alasiri Yunusi akaomba aongozwe nyuma ya nyumba kwenda haja ndogo, jambo ambalo tangu jana hakulifanya. Aliporudi alilamba midomo.

"Chausiku. Kuna chumvi humu."

"Ipo."

"Nani katia?"

"Mimi."

Akamtazama mkewe, akatazama tumbo lake mwenyewe, kama anayesikiliza hatua za mtu. Wote watatu wakasikiliza. Jogoo akawika nyuma ya jiko, basi.

"Nipe tena," akasema.

Jua linazama Rehani akapita, akasimama nje na kupaza sauti: "Wali tayari?"

Yunusi mwenyewe ndiye aliyemjibu, kabla mkewe hajafika mlangoni:

"Wali hamna! Kuna uji, na umekolea."