Risiti ya Mguu wa Kushoto

Jumanne saa kumi na nusu alasiri Bi Glenys Ollerenshaw alikuwa akimenya viazi jikoni kwake, redio ikitangaza barabara zilizofungwa kwa mafuriko, gari la Barrie Entwistle liliposimama nje. Barrie ni katibu wa klabu ya mpira ya Calderby. Mchezaji mgeni akija, humleta kwanza kwa Bi Glenys, ambaye kwa miaka ishirini na mbili amewapangisha vijana wa klabu chumba chake cha juu. Safari hii alimleta Limbert Choque, winga wa miaka kumi na tisa kutoka Oruro, Bolivia. Limbert alishuka kwa magongo. Kuanzia goti la kushoto kwenda chini hakuwa na kitu, na suruali ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Mguu uko wapi?" aliuliza Bi Glenys.

"Wameuzuia kule uwanja wa ndege," alisema Barrie. "Ameingia kwa viza ya mgeni, kibali cha kazi bado. Na kazi yenyewe anaifanya kwa huo."

Bi Glenys alifuta mikono kwenye aproni. "Chumba kiko juu. Ngazi utaziweza, mwanangu?"

"Nitaziweza, mama."

Afisa wa uwanja wa ndege alikuwa na adabu zake. Alimketisha Limbert kitini, akauzungusha mguu kidogo, ukatoka bila damu wala maumivu. Akaufunga kikaratasi cha namba, akauweka rafuni kati ya gitaa la mtu na cherehani, kisha akaandika risiti: mguu, mmoja, wa kushoto, mtumba. Barrie alibishana naye robo saa nzima kuhusu hilo neno la mwisho, na halikufutwa.

Shida yote ilikuwa pointi moja. Mchezaji wa nje anatakiwa awe na kumi na tano, zinazotokana na mechi za taifa, hadhi ya ligi anayotoka na dakika alizocheza. Limbert alikuwa na kumi na nne. Hiyo nyingine aliikosa siku timu ya taifa ilipocheza naye yuko kijijini anamzika bibi yake, aliyemlea. Barrie aliieleza ofisi ya vibali. Wakamjibu kwamba fomu haina kisanduku cha bibi. Akauliza kama anaweza kuandika pembeni. Wakasema pembeni huwa hapasomwi. Mtu mzima na akili zake timamu analipwa mshahara akujibu hivyo, halafu anakutakia siku njema.

Jumanne hiyo ilikuwa tarehe nane Januari, na dirisha la usajili lilikuwa linafungwa tarehe thelathini na moja. Likifungwa kabla ya kibali, mkataba umekufa. Klabu nyingine iliyomtaka Limbert haikuwepo.

Jumatano wakiwa mezani, paja la kushoto la Limbert lilishtuka, bakuli la mchuzi likapinduka.

"Samahani, mama. Wanauchezesha."

"Nani?"

"Wale maafisa. Wana timu yao. Nyasi za plastiki, zinachoma."

Barrie alipiga simu kuulizia. Akaambiwa kwamba kitu kilichozuiwa lazima kitunzwe katika hali nzuri. Mbwa aliyezuiwa hutembezwa, na mguu wa mpira huchezeshwa. Si kazi, kwa sababu haulipwi.

"Kwa hiyo kwao ruksa, kwetu marufuku," alisema Bi Glenys, akifuta meza kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. "Na wameshinda?"

"Tatu bila," alisema Limbert. "Mbili zangu."

Jumamosi alikaa jukwaani akitazama Calderby ikifungwa. Watu wa pale kwetu wakishafungwa midomo huwawasha.

"Limbert! Ingia hata na huo mmoja!"

"Ataingia vipi, atawaaibisha hao wenye miwili!"

Jumamosi ya kwanza alicheka nao. Ya pili alicheka kidogo. Ya tatu aliomba arudishwe nyumbani wakati wa mapumziko.

Ilibaki rufaa kwa jopo. Anayekosa pointi huruhusiwa kujitetea kwa kipaji cha pekee, na Barrie aliuandika utetezi huo kwenye meza ya jikoni ya Bi Glenys, kurasa sita. Aliandika jinsi watu wa mpira wote wanavyozungumza. Mguu wa kushoto una shabaha. Mguu wa kushoto unakata mpira kwa namna ambayo hajaiona katika miaka thelathini. Mguu wa kushoto wa aina hii huzaliwa mara moja katika kizazi.

Bi Glenys alivaa miwani akasoma hadi mwisho. "Na yeye mwenyewe yuko ukurasa gani?"

"Yeye vipi?"

"Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anampigia mama yake kila jioni. Anaongea na vijana wa akademi kama wadogo zake."

"Glenys, jopo halina haja ya kujua nani anaosha vyombo."

"Haya. Mimi nimeuliza tu."

Jopo lilikutana tarehe ishirini na nane, watu watatu kwenye skrini. Wa katikati alisema kurasa zinavutia, lakini wangependa kumwona mwombaji akicheza.

"Mguu mnao ninyi," alisema Barrie.

"Sisi ni jopo, bwana Entwistle. Mguu uko kwa idara nyingine."

"Basi waiteni hao idara nyingine."

"Hao wana jopo lao."

Limbert aliinua mkono, akauliza kama anaweza kusema jambo. Wakamwambia muda umekwisha.

Hata hivyo idara ile nyingine ilituma picha za mechi zao za Jumatano, na barua ikaja tarehe thelathini. Jopo limeridhika. Kibali cha kazi cha miaka mitatu kinatolewa kwa mguu wa kushoto. Kuhusu sehemu iliyobaki ya mwombaji, hakuna hoja yoyote iliyowasilishwa, na ombi limekataliwa. Sehemu hiyo iondoke viza yake itakapoisha.

Barrie aliisoma mara tatu, kisha akaketi kwenye ngazi ya Bi Glenys, uso mikononi. Utetezi alikuwa ameuandika mwenyewe, kurasa sita za mguu tu, na hakuwa na wa kumlaumu. Alimpigia kocha.

"Dirisha kesho," alisema kocha. "Sajili."

"Sajili nini?"

"Si umeniambia wametoa mguu? Sajili mguu. Mpe jezi namba kumi na moja."

Mguu ulifika kesho yake kwa gari la vifurushi, na Bi Glenys akautilia sahihi. Mwanasheria wa klabu alionya usiunganishwe: mtu mzima angekuwa anafanya kazi bila kibali, na mguu ungepoteza chake. Kwa siku tisa waliishi wote wawili chumba cha juu, Limbert kitandani, mguu juu ya kiti. Aliuosha, akaukata kucha, akamwonyesha mtunza vifaa namna unavyopenda kufungwa kamba. Siku ya kumi, sanduku likiwa tayari mlangoni, alipiga gongo ukutani mpaka plasta ikabanduka. Bi Glenys alisimama nje ya mlango, akamwacha apige. Yeye mwenyewe angependa kumsaidia kupiga.

Kufikia katikati ya Machi mguu ulikuwa na mabao manne, na jukwaa la kaskazini limeutungia wimbo. Kocha alikuwa ameanza kumuuliza Barrie kama kinaweza kupatikana kichwa cha mipira ya juu, Senegal au kwingineko. Jumapili moja simu ya Bi Glenys iliita.

"Mama, kifundo kimevimba," alisema Limbert.

"Najua. Beki wa jana yule, mshenzi. Subiri."

Alitoa pakiti ya njegere kwenye friza, akaifunga na taulo kuzunguka kifundo, mguu ukiwa kwenye kiti cha mezani.

"Hapo?"

"Nyuma kidogo. Hapo. Asante." Alivuta pumzi. "Jumanne mna mechi?"

"Tunayo, ugenini. Saa mbili kasorobo usiku."

Limbert alihesabu. Kwake Oruro ingekuwa saa kumi kasorobo alasiri, na siku hizi alikuwa akiuza vipuri katika duka la mjomba wake. Mechi iliyopita iliangukia saa za kazi, akateleza akiwa na betri ya lori mikononi mbele ya mteja.

"Nitaomba ruhusa, nikalale chini mpaka iishe," alisema.

"Mjomba atakupa?"

"Anataka barua kutoka klabu."

Jumatatu asubuhi Barrie aliiandika, akaipeleka klabuni igongwe muhuri. Klabu ikajibu kwamba haimwajiri mtu wa jina hilo.