Sufuria ya Kapita

…na miiba ile myembamba ya ubavuni mwa samaki ndiyo mibaya, mikubwa mtu anaiona, hii ya ubavuni inajificha ndani ya nyama kama sindano iliyosahaulika kwenye nguo, Jokébed akauchomoa mmoja, akauweka juu ya jani la mgomba, akauchomoa mwingine, na mbele yake sufuria ya mbwa inatokota, ile sufuria ndogo nyeusi yenye mkono mmoja ambayo avenue nzima, watu wote wa mtaa, waliicheka, tangu lini mbwa akawa na sufuria yake, mama Josaphat, kesho utamnunulia na kijiko, haya, na wacheke, meno ni yao, desturi ni desturi, mbwa hali kwenye sufuria ya watu na watu hawali kwenye ya mbwa, bibi yake kule Lubero alivunja chungu kizima kwa sababu mbwa alilamba ukingo tu, basi kama mbwa lazima apikiwe, apikiwe kwake… na leo lazima apikiwe, maana kwenye pembe ya kitenge chake, hapa kiunoni, kuna fundo, na ndani ya fundo kuna dawa ya panya aliyopewa na Phinées, mkubwa wa avenue, baada ya ibada, punje nyeusi zimefungwa ndani ya kipande cha mfuko, changanya na kile anapendaka, mama, hatasikia kitu, ndivyo alivyosema, hatasikia kitu, na nani amemwambia, alimuuliza mbwa yupi… akasukuma ukuni ndani, moshi ukamrudia usoni, akageuza kichwa, na kule mlangoni Kapita naye akageuza kichwa, kwa sababu Kapita anajua saa ya chakula chake kuliko pasta anavyojua saa ya sadaka, mbwa huyu wa rangi ya tofali, amelaza pua juu ya miguu ya mbele anajifanya hatazami, ila mkia unamsaliti, unapiga sakafu, unatulia, unapiga tena, usinitazame wewe, akamwambia moyoni, tazama huko barabarani ulikozoea kutazama.

Kule barabarani ndiko Josaphat alikopotelea, na Josaphat ndiye mwenye mbwa, mtoto wa pekee wa Jokébed, aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya viazi kutoka Butembo hadi Beni, anateremka na viazi kwenye joto, anapanda na mawese kwenye baridi, na safari moja akapanda na kitu kinachotikisika ndani ya koti, mama akadhani kuku, kumbe mbwa, kadogo, macho bado yana ukungu, amepewa kule Beni na Siméon, mganga wa wanyama aliyekuwa akitibu ng'ombe wa mwenye mashamba ya kahawa kabla mwenye kahawa hajakimbia vita, na pamoja na mbwa Siméon akampa maneno, maneno mengi, Josaphat akayashika yote kama mistari ya shule ya Jumapili, akakaa hapa hapa kwenye kigoda hiki akimhesabia mama yake, mama, sikia, mifupa ya kuku hapana, inapasukaka, inatoboa matumbo, samaki ya chumvi unailoweka, unamwanga mayi, unailoweka tena, kitunguu hapana, kiazi yenye imekuwa kijani hapana, maharagwe ikiiva sana muzuri, majani ya lenga-lenga muzuri, yai mara moja moja, na kasiksi hapana, pombe haiko ya mbwa, hata kama baba Maliro anacheka… na yeye Jokébed alicheka mpaka akashika ubavu, akamuuliza, na miye mwenye nilikuzaa, nani atanitolea miiba, na Josaphat hakucheka, alimkuna yule mbwa nyuma ya sikio akasema, mama, weye kama kunakuuma utasema, yeye hajui kusema… hajui kusema, eh, mwanangu, na leo nimeambiwa hatasikia kitu, na wewe haupo uwaulize wamejuaje. Jani limejaa miiba, akaisukuma pembeni kwa kidole, jogoo akaja kuchungulia, akamfukuza, sh, toka, hata wewe unataka kufa.

Kama si ile pilipili, angalau mkono usingekuwa wake, ndilo lililokuwa likimkera tangu asubuhi, linakuja linaondoka kama inzi, pilipili ya Maliro, shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, mwindaji, mtu mwema lakini kichwa kigumu, alikuja hapa Josaphat akiwa safarini, akamwona mbwa analala juu ya gunia anachezea mguu wa mtoto wa Josaphat, akasema huyu atawafungulia wezi mlango, mbwa ya kulinda inakulaka pilipili ingali kadogo, ndivyo baba zetu walifanya, ndivyo inakuwa mukali, akaisaga, akaifungia ndani ya donge la bugali, akafumba ngumi akamnyoshea, na Jokébed alikuwepo, alisimama pale pale, aliona ni sawa, nani asiyejua kwamba mbwa wa ulinzi hulishwa pilipili, huko kwao hata mtoto anajua… na mbwa akalia sauti ambayo hakujua mbwa anayo, akanywa maji, akatapika, akatapika damu, na Josaphat aliporudi hakumtukana mtu, afadhali angetukana, alipika maji ya mchele, akachemsha kuku bila ngozi, bila chumvi, akamlisha kwa kijiko akiwa amempakata, mpaka akapona, ila ukali haukuja, kilichokuja ni hofu, tangu siku ile Kapita hali kitu kutoka mkono wa mtu, ukimnyoshea ngumi anabweka mpaka sauti inamkauka, mkononi mwa Josaphat anakula, mkononi mwa Jokébed anakula, basi, dunia nzima mikono miwili, na mmoja umekwenda Beni. Ndiyo maana Phinées hakuweza kumaliza kazi mwenyewe, alijaribu, alimrushia nyama, nyama ya kweli, ng'ombe, mbwa akaizunguka akibweka avenue nzima wakasikia, ndipo Phinées akaja na ile dawa akasema, ni weye tu, mama, ni weye tu anakuamini.

Ni weye tu anakuamini, maneno gani hayo ya kumwambia mtu ukimpa sumu… lakini Phinées si mtu mbaya, lazima aseme kweli, mkubwa wa avenue gani angelala usingizi baada ya yale ya upande wa pili wa bonde, askari walipita, wale wa leo ao wale wa jana, nani anawatofautisha tena, tangu vita ya kwanza iondoke na hii ya pili ije kukaa kama mgeni asiye na aibu, watu walikuwa wamejificha kwenye migomba kimya kabisa, mbwa mmoja akabweka, mmoja tu, askari wakafuata sauti, wasichana wakachukuliwa, wanaume wakabebeshwa mizigo na hawajarudi, na tangu hapo ikasemwa, kila mwenye mbwa amnyamazishe kabla jua halijashuka, kila mtu wake kwa mkono wake, ili mtu asimchukie jirani, Phinées alianza na wake, alimpenda yule mbwa, macho yalikuwa mekundu alipokuja… na kumfunga Kapita hapa nyumbani haifai, atalia, askari watajua wenye nyumba hawako mbali, na kumwacha wazi haifai, atafuata nyayo za mkono unaomlisha mpaka kwenye shimo, lile shimo la zamani la udongo wa matofali nyuma ya mikaratusi, lililofunikwa matawi, ambamo avenue nzima wanajibana jioni mpaka kupambazuke. Basi ni mbwa ao watu. Ni mbwa ao Hadassa. Ukiliweka hivyo ni jepesi, hata mtoto angejibu, na Hadassa mwenyewe yuko pale kwenye mkeka, binti ya Josaphat, mama yake alizikwa wiki aliyomzaa, amelifunga gunzi la mahindi kitambaa kama mtoto, analinyonyesha, anakohoa, gunzi linaanguka, analiokota, anakohoa tena, kile kikohozi kikavu kilichomwingia kwenye baridi ya shimo… usikohoe, mjukuu wangu, akajikuta anasema hivyo kwa sauti, mchana, nyumbani kwake, na mtoto akafunga mdomo kwa mikono yote miwili kama alivyofundishwa, macho yamemtoka juu ya vidole, na Jokébed akasema, hapana, hapana, mama, kohoa, hapa hapana shida, kohoa tu.

Nani alimfundisha vile… anajua nani, mke wa Phinées, juzi ndani ya shimo, buti zilikuwa zinapita juu kabisa, udongo unawaangukia kichwani, na mtoto akaanza kukohoa, na mkono ukatoka gizani ukamziba mdomo na pua, mkono mzuri wa mwanamke anayekanda mikate ya ibada, ukashika, ukashika, buti zikapita na mkono bado umeshika, mpaka Jokébed akaung'oa kidole kwa kidole, mtoto amelegea kama nguo iliyolowa, halafu akavuta pumzi, asante Bwana akavuta, na asubuhi walitoka wakasalimiana, hata yeye, wabukire, wabukire, kama watu… na leo baada ya ibada Phinées akimpa dawa alisema, kila kitu yenye iko na sauti, mama, tunakuomba, kila kitu yenye iko na sauti, na Hadassa alikohoa pale pale miguuni pake, na macho ya Phinées yakashuka, yakamtazama mtoto, hayakumtazama kwa ubaya, afadhali yangekuwa na ubaya, yalimtazama kwa huruma, namna ile ile aliyomtazama Kapita. Mwiko ukamteleza mkononi, bugali ukaanza kushika chini, akaudaka, akakoroga, akakwangua… leo mbwa, na kesho, kesho nani hajui kunyamaza.

Tulia, mwanamke, unapika. Akarudia samaki, alimloweka tangu asubuhi, akamwaga maji, akamloweka tena, akaonja ncha ya kidole, chumvi imetoka, na hapo ndipo alipojiona, kwa kweli alijiona kama mtu anavyomwona jirani kupitia ua, mwanamke na fundo la sumu kiunoni anamwonjea mbwa chumvi, jani zima la miiba iliyotolewa mmoja mmoja, hata ile ya ubavuni, ili mbwa asikwamwe, mbwa atakayekufa, asikwamwe… anayeua hatoi miiba, akawaza, na vidole vyake vikabaki vimesimama juu ya samaki, vilikuwa vinajua toka mwanzo, vilikaa kimya vikimsubiri yeye. Lakini ni kwa ajili ya nani, na hapa asijidanganye, maana alikuwa amefanya biashara na Mungu bila kumuuliza Mungu, kwamba siku Kapita atakayokula vizuri, Josaphat naye huko aliko amekula, na Kapita akinona, Josaphat yuko njiani, na biashara hiyo alikuwa akiiendeleza hata baada ya Kahongya, muuza mawese, kumwambia kwamba ameona baiskeli ile kwenye kizuizi cha Beni, ile yenye kiti kilichoshonwa kitenge, imepandwa na mtu wa buti… baiskeli si mtu, alimjibu, akabadili maneno. Josaphat hampi mtu baiskeli ile akiwa hai. Haya, limesemwa, kichwani lakini limesemwa, mwanangu amekufa, na mbwa yule pale mkia unapiga sakafu, hajafa, ana njaa, hana habari na biashara ya mtu, na mtoto yule pale anakohoa, yeye kama kunamuuma hajui kusema, hawa wawili ndio walionibakia wasiojua kusema, na mdomo wao ni mimi.

Kwa Maliro basi… wazo lilikuwa limesimama mlangoni siku nyingi likiogopa kuingia, kule njia ya Manguredjipa, kwenye maharagwe yaliyogusana na msitu, Maliro ana kibanda cha kufukuzia nyani, mbwa kule wanabweka toka asubuhi hadi jioni na hakuna anayeinua kichwa, kubweka ni kazi yao, na mtoto akikohoa anawakoholea nyani, huko nako kuna askari wao, ndiyo, na njia ni ndefu na goti la kushoto si la kwake tena, na Maliro atauliza mbwa ya pilipili bado iko, atamjibu iko, na ukimnyoshea ngumi nitakurudisha mwenyewe kwa baba zako… akacheka, kidogo, puani, hakujua kama bado anaweza. Fundo hili halifai motoni, moshi wake utamfikia mtoto, halifai nje, kuna kuku, litakwenda chooni chini kabisa. Na njiani tutakula nini, akatazama sufuria, bugali laini bila chumvi, samaki asiye na mwiba, akamtazama mtoto ambaye mwiba wa majuzi ulimkaa kooni mpaka akalia, na akaona kwamba chakula ni hiki hiki, kwamba hajapika kingine tangu asubuhi, na bibi yake wa Lubero na avunje vyungu vyake huko aliko.

«Mama Josaphat.» Phinées, nyuma ya ua, sauti ya chini, ya mtu aliyetoka msibani. «Kuliisha?»

«Bado.»

«Jua inaenda, mama.»

«Naiona. Naongeza unga kwanza.»

«Lakini unga ya nini tena? Si ya mbwa tu?»

Jokébed akachota ngumi ya unga akanyunyiza, akakoroga, akachota nyingine, sufuria ikajaa mpaka kwenye mkono, moshi ukageuka, Kapita mkia unapiga sakafu, unatulia, unapiga tena, na Hadassa akaja na gunzi lake kwapani, akachungulia ndani ya ile sufuria nyeusi aliyokatazwa tangu aanze kutembea, akamuuliza bibi yake.

«Koko, hii ni ya Kapita?»

«Ni yetu,» akasema Jokébed, na akaendelea kukoroga.