Pongo Kwenye Ngao

Shemeji yangu Vedasto hana dogo. Ana PhD, ana nyumba Maple Grove huku ughaibuni, lakini binti yangu Koku alipoleta mchumba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ukoo gani?"

"Baba mkubwa, ni Mzungu."

"Kwani Wazungu huota kama uyoga?"

Basi Garrett wa watu akamwita shangazi yake Margaret, mfukuaji wa nasaba ya familia. Jumapili wakaja kwangu Hopkins, Margaret amekumbatia ngao ya mbao. Babu yao wa kale, alisema, aliitwa Thomas, bwana mkubwa huko Uingereza miaka mia nne iliyopita, na hii ndiyo nembo yake.

Vedasto akaitazama ngao. Katikati amechorwa mnyama mwenye pembe.

"Pongo," akasema.

Ukoo wa marehemu mume wangu mwiko wao ni pongo: hawamli, na wenye mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani.

"Shemeji, huyo ni mnyama wa Ulaya!" nikafoka.

"Ana pembe, ana kwato. Mama Koku, hawa ni ndugu. Harusi hakuna."

Koku akaanza kulia. Vitenge nilishashona, nilitamani kumtwanga mtu kwa ile ngao. Garrett alipoelezwa, akamgeukia shangazi yake, akamsihi aseme ukweli wote.

Margaret akaiva uso. Akakiri kwa Kiingereza, Koku akitafsiri huku anafuta machozi: ngao ilinunuliwa dukani. Bwana mkubwa hakuwepo. Thomas alikuwa fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi, akafungwa kwa kuiba paa.

"Fundi anaibaje paa?" Vedasto akashangaa. "Alilibeba kichwani?"

"Si la nyumba, baba mkubwa! Paa wa msituni. Huyo huyo mwenye pembe."

"Akamfanyaje?"

"Akamla. Yeye, mke na watoto."

Vedasto akaruka kutoka kwenye kochi, akamkumbatia Margaret hadi ngao ikaanguka.

"Wamemla! Ukoo mzima! Hao hawawezi kuwa ndugu zetu. Harusi ipo!"

Nikapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Margaret, aliyeingia mjukuu wa bwana akawa mjukuu wa mwizi, alicheka kuliko sote.

Garrett naye, kwa furaha, akatoboa kwamba friza yake kule Lakeville imejaa nyama ya paa aliyemwinda mwenyewe. Koku akamkanyaga mguu.

"Mwache ale," akasema Vedasto. "Ila sufuria yake iwe mbali na ya binti yangu."